Aliyeingia kwa Jina Langu

Tarehe 4 Machi

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mke wako na wale watoto wawili watundu. Sisi huku hatujambo. Mama mguu umepungua uvimbe, sasa anatembea hadi kwa jirani na kurudi, na njia nzima anataja nani hakuja kumjulia hali alipokuwa anaumwa. Wewe umo kwenye orodha. Anakusalimu, anasema umemtupa.

Usishangae kuona naandika kwa mkono kama watu wa zamani. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba barua pepe ya kampuni ni kama kuongea ukiwa kwenye foleni, kila aliye nyuma yako anasikia. Na laini zetu za simu ni za kampuni pia. Basi nimempa dereva wa vipuri, maana anakuja huko makao makuu kila wiki. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu.

Mjomba, kuna jambo silielewi. Msimamizi wetu wa tawi amebandika ukutani ripoti ya mwezi. Mbele ya jina langu pameandikwa hitilafu kumi na nne zilizotatuliwa. Mimi nimetatua tisa. Nina daftari, naandika kila kazi na saa yake, unanijua. Hizo tano nyingine zote ni za hospitali, na zote ni za kuingia ndani ya swichi za mtandao na kubadilisha mipangilio. Sasa mimi fundi wa ngazi ya kwanza nafanya nini humo? Mimi navuta kebo, nabana vichwa vyake, nabandika lebo, napanda darini nikiwa safi na kushuka nimekuwa rangi ya vumbi. Ndani ya swichi naingia nikiagizwa tu, na kwa hizo tano sikuagizwa.

Msimamizi alinipongeza mbele ya wote. Akasema, "Huyu binti mwaka huu hazuiliki." Nikacheka, nikasema asante. Ningeweza kusema palepale kwamba si mimi, lakini sikusema.

Namshuku Miwani, yule fundi wa ngazi ya pili anayekaa mkabala na mimi. Ana tabia ya kusimama nyuma ya watu wakiandika. Ila sielewi afanye kazi yangu kisha anipe mimi sifa kwa faida gani. Mtu hakupambi bure, kuna mahali anakupeleka.

Unajua Juni ni tathmini ya kupanda ngazi ya pili. Nimekaa ya kwanza miaka minne. Nikikosa safari hii, kwa kanuni mpya nangoja miaka miwili mingine. Wewe ni mhandisi, unaweza kuona nani aliingia, saa ngapi, kutoka mashine gani. Niangalizie tafadhali. Na nenosiri langu bado ni lile ulilonitengenezea wewe siku ya kwanza. Nilibadilishe?

Mpwa wako

*

Tarehe 29 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba mama, marahaba sana. Barua yako ilifika na alama ya dole gumba la dereva, zito la grisi, kama muhuri wa serikali. Sisi wazima. Mke wangu amerudi kushona, nyumba nzima ni vipande vya nguo, nikiketi nachomwa sindano. Watoto wanakula na kukua, kazi nyingine hawana. Mimi mwenyewe sijambo ila macho, herufi zimeanza kunikimbia. Mwambie mama yako sijamtupa. Yeye ndiye alinitupa tangu tuko wadogo, aliponisingizia nimevunja redio ya baba, na redio aliivunja yeye. Muulize. Atakataa, lakini utamwona anavyotazama pembeni.

Umenikumbusha nilipoanza. Miaka miwili nilibeba vifaa vya fundi mwingine, sikuruhusiwa hata kushika koleo. Nikwambie kitu kuhusu ngazi hizi. Ya kwanza unafanya kazi kwa mwili. Ya pili kwa vidole. Ya tatu kwa kichwa. Ukifika uhandisi unafanya kazi kwa mdomo, maana siku nzima ni vikao. Na sasa wameongeza nyingine juu ya zote, nayo ni karatasi. Kuna kijana hapa tunamwita Bwana Vyeti. Anavyo saba, ameviweka kwenye fremu. Darini hajawahi kupanda, ukimwonyesha panya atadhani ni kifaa. Huyo ndiye anayeamua siku hizi swichi gani iguswe na ipi isiguswe, pamoja na zile nilizozifunga mimi kwa mikono yangu yeye akiwa bado ananyonya.

Tuyaache. Kuhusu zile tano, mifumo ya ripoti hukosea. Sifa ikikujia ipokee, unyamaze. Usiulizeulize, na hasa usimuulize msimamizi. Nenosiri usiliguse kwa sasa. Wakati wa tathmini wanachungulia kila kitu, na mtu akibadilisha ghafla watasema huyu anaficha jambo. Ngoja upande kwanza.

Hizo kumbukumbu za walioingia nitaziangalia nikipata nafasi. Kazi zimenizidi.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Aprili

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Hapa wote wazima. Nilimuuliza Mama habari ya redio. Alitazama pembeni, kisha akanituma dukani kununua kitu ambacho tayari kipo nyumbani. Basi nimeelewa.

Nenosiri sijaligusa, nimefuata ulivyosema. Lakini nimekaa na ushauri wako wiki tatu na haunikai sawa. Wewe ndiye ulinipigia kelele siku ile nilipoandika nenosiri kwenye kikaratasi nikakibandika kwenye kioo cha kompyuta. Ulisema fundi asiyelinda jina lake atakuja kufungwa kwa makosa ya mwingine. Leo nakwambia mtu anaingia kwa jina langu, unaniambia ninyamaze.

Ripoti ya mwezi wa tatu imetoka. Safari hii ni kazi sita zisizo zangu. Jumla kumi na moja. Na ni kazi nzuri, Mjomba, hilo ndilo linaloniogopesha. Hospitali walikuwa wakilalamika wodi ya watoto mtandao unasuasua, wakangoja kibali cha makao makuu siku tisa. Siku ya kumi ukatengemaa wenyewe, na jina ni langu. Niliomba nione kumbukumbu. Msimamizi akasema ngazi ya kwanza haioni kumbukumbu, kisha akanitazama muda mrefu. Sasa naye namshuku.

Nimeacha kula na wenzangu mchana. Nakaa nimeegemea ukuta, kompyuta yangu mapajani, ili mtu asipite nyuma yangu. Miwani ameniuliza kama naumwa.

Jambo jingine dogo. Dereva alipokuletea barua, nilimuuliza alikukuta wapi. Akasema, "Nilimkuta meza ya simu, kavaa vile vya masikioni, anamwelekeza mtu kuwasha printa." Nikacheka, nikamwambia umekosea mtu, mjomba wangu ni mhandisi, meza ya simu ni kazi ya ngazi ya kwanza. Akasema hakukosea, mlisalimiana. Ulikuwa unafanya nini pale?

Mpwa wako

*

Tarehe 8 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mdogo wako wa mwisho ameng'oka jino, analitembeza mtaa mzima kwenye kiberiti.

Sitaandika mengi kwa sababu bahasha yako ilifika imefunguliwa. Sijui ni nani, lakini kuna mkono umeingia. Dereva naye ana mdomo mrefu, usimpe kila neno lako. Pale meza ya simu nilikuwa nawashikia wenzetu, walikuwa na upungufu siku ile. Mkubwa akisaidia wadogo nayo imekuwa habari ya kusafirishwa?

Kumbukumbu bado sijazifikia. Soma kwa ajili ya tathmini. Mengine yatapita.

Mjomba wako

*

Tarehe 17 Mei

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Mimi si mzima, na leo sitazunguka.

Jumanne tarehe 14, saa nne na dakika nne asubuhi, mtandao wote wa hospitali ulikatika. Mimi nilikuwa juu ya paa la shule moja upande wa pili wa mji, navuta kebo. Majibu ya maabara yakawa hayafiki wodini. Kuna mama aliyekuwa ameshaandaliwa, yuko mlangoni mwa chumba cha upasuaji, wakamrudisha kwa sababu daktari hakuweza kuona majibu ya damu yake. Amefanyiwa kesho yake na anaendelea vizuri. Lakini nilipofika na begi langu, mume wake alinishika kola ya shati akaniuliza, "Ninyi mnachezea nini humu?" Nikajitoa mkononi mwake, nikaanza kazi. Ilinichukua saa tatu, moja yake nikimtafuta mlinzi mwenye ufunguo wa kabati. Nikaunganisha kompyuta yangu kwenye swichi yenyewe, nikaona mtu amebadilisha njia kuu, na aliyebadilisha ni mimi.

Nimesimamishwa kazi. Kamati ya nidhamu inakaa tarehe 6 Juni. Nisahau habari ya kupanda ngazi, sasa swali ni kama nitabaki na kazi.

Na unajua aliyenifuata nyumbani ni nani? Miwani. Mtu niliyemshuku miezi yote hii. Alikuja na kurasa za kumbukumbu alizochapisha, akakaa na mimi mezani, tukasoma mstari kwa mstari. Saa nne kamili nimeingia. Amri ya kwanza niliyotoa ni kwamba swichi ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi. Kisha nikabadilisha njia kuu. Kisha nikahifadhi. Kisha kimya.

Miwani akasema, "Mambo ya dakika kumi nani anayafanya siku hizi?"

Mjomba, mimi nayafanya. Uliniambia fundi anayegusa swichi iliyo mbali anaweza kukata njia ile ile anayopitia, na akishaikata hana pa kurudia. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote anaipa swichi dakika kumi. Akikosea, anangoja, swichi inaamka na mipangilio yake ya zamani kana kwamba hakikutokea kitu. Sharti ni moja, asihifadhi kabla ya kujaribu. Huyu alihifadhi. Swichi ilipoamka, iliamka na kosa lake.

Msimamizi ameshaiandikia kamati kwamba tawi zima ni mimi peke yangu ninayeweka dakika kumi, kwa hiyo mkono ni wangu. Hajasema uongo. Miwani anasema aliyeingia alipitia lango la mtandao la makao makuu, lakini sisi sote tukifanya kazi nje ya ofisi tunapitia lango hilo hilo, na mimi siku hiyo nilikuwa nje. Lango lenyewe linaweka kumbukumbu za kila meza. Linazifuta baada ya siku thelathini. Maana yake tarehe 13 Juni hakutakuwa na kitu cha kuangalia.

Dereva ameniapia kwamba barua yangu ya Aprili alikupa ikiwa imefungwa, na ulimshukuru.

Katika kampuni hii nani mwingine anaweka dakika kumi?

Mpwa wako

*

Tarehe 28 Mei

Kwa Mjomba,

Shikamoo.

Siku kumi na moja, hakuna jibu. Dereva amekuja na kurudi na mikono mitupu, anasema ulimwambia uko kwenye kikao. Nilimpigia mke wako kwa simu ya jirani. Alinichangamkia sana, akasema mhandisi yuko kazini, siku hizi wanamchosha kwa sababu ndiye wanayemtegemea. Nikamwambia nilitaka kusalimia tu. Hajui kitu yule mama, na mimi sikutaka kuwa wa kumwambia.

Nimekuwa nikijiuliza mambo mabaya. Kwamba unanyamaza ili siku thelathini ziishe. Najiona mshenzi kuwaza hivyo juu ya mtu aliyenifundisha kushika koleo, kisha nahesabu siku, na hesabu inakubali.

Sikuulizi tena kama ni wewe. Niambie kwa nini.

Mpwa wako

*

Tarehe 1 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeiandika barua hii mara nne. Tatu nimezichana.

Ni mimi.

Mwaka jana walileta kanuni kwamba mhandisi lazima awe na cheti. Sina, na unajua sina. Nilisoma kwa kupigwa shoti. Walinipa miezi sita nikafanye mtihani, nikaenda, maswali yote yalikuwa ya vifaa nisivyowahi kuona, na karatasi yenyewe sikuiona vizuri. Nikaanguka. Januari wakanihamishia meza ya simu, kiti cha sita, ngazi ya kwanza. Ngazi yako. Nikiinua simu nasema, "Dawati la msaada, nikusaidie nini?" kwa watu niliowafundisha kazi. Wengine wakinitambua sauti wanakata. Asubuhi naondoka nyumbani na begi langu la uhandisi, ndani yake kuna chupa ya maji na gazeti. Mke wangu hajui. Mama yako hajui. Nilikuwa nimejipanga kustaafu mwezi wa nne mwakani bila mtu kujua.

Pale mezani ndiko malalamiko yote yanakopita. Nikawa nasikia hospitali ya kwenu inalia, wodi ya watoto siku tisa, na Bwana Vyeti amekalia kibali kama kuku. Swichi zile nilizifunga mimi. Nazijua kuliko vidole vyangu. Akaunti yangu wameipunguza, haifungui hata mlango. Yako nilikuwa nayo. Mara ya kwanza nilisema ni mara moja tu. Kisha ukaniandikia kwamba msimamizi amekusifu, nikafurahi, mama, sitakudanganya. Nikasema basi, kupanda mimi siwezi, wacha nimpandishe huyu.

Siku ile nilifanya kama siku zote. Dakika kumi, kisha mabadiliko. Kabla sijajaribu, simu ya mezani ikaita, ikaita tena, na mkuu wa meza akanitolea macho. Nikahifadhi ili nipokee simu. Mkono tu ulienda. Alikuwa mtu wa printa. Nilipomaliza naye, sikuweza kurudi ndani. Nikangoja dakika kumi, na hospitali haikuamka. Nilikaa pale kwenye kiti na vya masikioni kichwani, sikuweza kumwambia mtu yeyote.

Sasa sikiliza, na usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Andika kwa kamati kwamba unaumwa. Omba wiki moja tu wasogeze. Baada ya hapo hakutakuwa na kumbukumbu ya meza wala kiti. Watakukuta wewe na jina lako, lakini wewe ni ngazi ya kwanza, una miaka minne safi, watakupa onyo la maandishi na mwaka utapita. Ukianguka kutoka ngazi ya kwanza huumii sana. Mimi nikipatikana wananitoa nje miezi kumi kabla ya kustaafu, na nyumbani itabidi nieleze yote tangu Januari.

Sikuamuru. Nakuomba kama mtoto wa dada yangu.

Mjomba wako

*

Tarehe 9 Juni

Kwa Mjomba,

Shikamoo. Mama mguu umevimba tena kidogo, daktari anasema ni kwa sababu halali vizuri.

Barua yako nilipewa tarehe 4 jioni. Nilimsomea Mama mpaka mwisho. Akasema tu, "Ni mdogo wangu huyo." Basi. Hakusema nifanye nini. Niliandika ile barua ya ugonjwa kama ulivyotaka, nikaiweka mezani, nikaitazama. Mwandiko ulikuwa wangu lakini niliona ni mtu mwingine tena anaingia kwa jina langu. Nikaichana.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano, watu watatu kutoka huko kwenu na msimamizi wetu. Mwenyekiti ni mama mmoja mfupi, sauti ya chini, hakukunja uso hata mara moja. Nilianza na langu. Niliwaambia kazi kumi na moja kwenye ripoti hazikuwa zangu, na nilijua, na nilipokea pongezi kwa sababu nilitaka kupanda. Msimamizi aliinamisha kichwa. Kisha nikawaomba wafungue kumbukumbu za lango kabla hazijafutwa. Mwenyekiti akapiga simu, tukasubiri karibu nusu saa, wakaletewa.

Akasoma, akasema, "Meza ya simu, kiti cha sita. Unamjua anayekaa hapo?"

Nikasema, "Ni mjomba wangu."

Akavua miwani yake. Akaniuliza tena polepole, kama mtu anayenishikia mlango nipite nikitaka, "Una hakika unamjua?"

Nikasema, "Ndiye aliyenifundisha kazi. Dakika kumi ni zake."

Sikulia mle ndani. Nililia chooni, na Miwani alisimama nje ya mlango akiwaambia watu choo kimeharibika.

Najua walikuita kesho yake na najua walichokuamulia, dereva ameniambia. Sijui niseme nini juu ya hilo. Kuomba msamaha kwa kusema kweli siwezi. Lakini nimeumia, Mjomba, nimeumia mno, na nina hasira na wewe kwa sababu uliniweka mahali ambapo kila nilichochagua kingekuwa kibaya. Ungeniambia tangu Januari ningekuja kukaa na wewe, tukasoma pamoja kwa ajili ya ule mtihani. Mimi nina macho mazuri.

Na mimi wameniamulia. Tathmini yangu imefutwa, miaka miwili nabaki ngazi ya kwanza. Hawataki nikae hapa tena kwa sababu ya yale ya hospitali. Wananihamishia makao makuu, meza ya simu, kwa kuwa kuna kiti kimekuwa wazi. Naanza Jumatatu tarehe 24.

Mama anataka nikae kwako. Anasema nani mwingine ninaye mji huo. Mimi nimemwambia nitakuuliza kwanza. Ukisema hapana nitaelewa.

Mpwa wako

*

Tarehe 15 Juni

Mpwa wangu,

Barua hii atakuletea dereva, na nimemwomba radhi kwa ile habari ya bahasha. Hakuna aliyeifungua. Niliifungua mimi, nikaisoma, nikaogopa.

Mke wangu nimemwambia yote, kuanzia Januari. Aliacha kushona akanisikiliza. Hakunigombeza kwa kufukuzwa. Alinigombeza kwa ile chupa ya maji na gazeti, kwamba miezi yote hiyo alikuwa ananipangia begi lisilo na kazi. Hajaongea nami siku mbili, lakini chakula ananiwekea.

Kwako jibu ni hapana, usije kukaa hapa. Ulisema kweli, na kweli uliyosema imenitoa kazini. Yote mawili nayajua na sijaweza kuyaweka mahali pamoja. Kuna saa najivunia wewe mpaka nataka kumwambia mtu barabarani. Kuna saa nyingine nakuchukia, na wewe ni mtoto wa dada yangu. Siwezi kukuona asubuhi unatoka mlangoni kwangu kwenda kukaa kiti kile.

Nimekutafutia chumba mtaa wa pili, kwa mama mmoja mjane, mtulivu. Nimekwenda mwenyewe nikakagua kitasa, nikabadilisha soketi ya ukutani, ile ya mwanzo ilikuwa inatoa cheche. Dirisha linafunga. Kodi ya mwezi wa kwanza usiulize.

Ukienda kazini njia yako inapita mbele ya nyumba yangu. Saa hizo mimi nitakuwa nimekaa barazani, sina pengine pa kukaa. Pita. Usiniamkie. Najua ulivyolelewa na najua itakuwa vigumu, lakini usiniamkie mpaka siku nitakayokuita mwenyewe. Siku hiyo uitike.

Mjomba wako